Taya Lililopimwa Mara Mbili

Daktari aliponiambia kwamba kiungo cha taya langu la kushoto kitatolewa na kingine kitatengenezwa kwa kipimo changu, nilikuwa na swali moja tu: nani atanipima? Nimepimwa suruali na viatu. Katika kambi ya wakimbizi Kigoma seremala aliwahi kunipima mimi ili apate urefu wa jeneza la kaka yangu, kwa sababu tulilingana kimo. Lakini sikuwahi kusikia mtu akipimwa mfupa ulio ndani ya kichwa chake, akiwa hai, na anayepima hajamwona.

Binti yangu Neema, aliyekuwa akitafsiri, hakutaka kulifikisha swali hilo.

"Papa, uliza kwanza kama utapona."

Nilimwambia kwamba hilo nimekwisha kumwuliza Mwingine.

Naandika kwa ajili ya mtu ambaye kesho au keshokutwa ataketi kwenye kiti kile cha mgonjwa. Mimi ni mzee wa miaka sitini na tisa, Mkongo wa Fizi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya Biblia, kwanza nyumbani, halafu kambini, na katikati ya miaka ya 2010 tukaletwa Minnesota, mimi na mke wangu ambaye wote humwita Mama Neema. Tunaishi katika mji wa Crystal pamoja na binti yetu. Utabibu siujui na sitajaribu kuufundisha. Nitaeleza niliyoyaona, na kosa nililolifanya, maana nadhani kosa langu litakusaidia kuliko uvumilivu wangu.

Ugonjwa ulianza kama jino. Nilikuwa natafuna upande mmoja, na Mama Neema akadhani nyama ya huku ni ngumu. Kisha shavu likajaa karibu na sikio. Halikuuma. Nilikuwa nikilipapasa kila asubuhi kama mtu anayeangalia parachichi kama limeiva, na kila juma nikaona limeongezeka kidogo. Daktari wa meno alipiga picha, akaitazama muda mrefu kuliko adabu, akatutuma Minneapolis.

Huko nilianza kujifunza kusubiri. Kulikuwa na tangi la samaki, na viti vilivyotandikwa kitambaa cha rangi ya udongo, na watu waliokaa wakiwa wameelekeza ukutani upande wa uso usio mzima. Mimi pia nilijikuta nikichagua kiti cha kushoto kabisa bila kufikiri. Walinipa karatasi yenye maswali, moja likiuliza kama najisikia salama nyumbani kwangu. Nilifurahi mtu ameuliza. Miaka ishirini kambini hakuna aliyeuliza.

Walikata kinyama kidogo, wakapima. Uvimbe wangu, walisema, si wa kusafiri mwilini. Unakaa pale pale na kula mfupa, na ukiacha chembe yake hurudi. Kwa hiyo mfupa wote wa nyuma ya taya ungetoka, pamoja na kiungo chake. Sikujua taya lina kiungo. Weka kidole mbele ya sikio lako, halafu fungua kinywa: utasikia kitu kinateleza chini ya ngozi. Nimeishi na kitu hicho miaka sitini na tisa, nimehubiri nacho, nimekula nacho bugali, ugali wa kwetu, kila siku Mungu aliyonijalia, na sikuwahi kukishukuru kwa jina.

Upasuaji wa kwanza ulikuwa Novemba, majani yakiwa yamekwisha kuanguka. Walitoa mfupa, wakaweka mahali pake kitu cha muda cha kushikilia nafasi, kama fundi anavyoegemeza gogo ukuta usianguke. Meno ya juu na ya chini walikuwa wameyafunga vyuma vyembamba, na kati ya vyuma hivyo wakatega raba ndogo za mviringo, sita, zinazoshikilia kinywa kifungwe.

Nesi aliyenieleza alikuwa Mkenya, anaitwa Nyambura, mwanamke mwenye sauti ya kuamuru hata anapokuuliza kama umelala vizuri. Alieleza kwamba baada ya wiki tatu watanipiga picha ya kichwa kizima, na kiungo kitatengenezwa kufuatana na picha ile. Taya likae vile lilivyo siku ya picha, mpaka siku ya kukiweka.

"Mzee wangu, hizi raba ni mlango. Mlango umefungwa. Mtu asizitoe, hata kidogo, isipokuwa ukitapika. Tumeelewana?"

Nilitikisa kichwa kuonyesha ndiyo. Alimpa Mama Neema kipakti cha raba za akiba na kijiti chenye ndoano ndogo, ikitokea moja imekatika.

Sitakuficha hali ya mwili. Kula kulikuwa kazi ya nusu siku. Mama Neema alisaga sombe, majani ya muhogo, na samaki kwenye blenda, akachuja kwa kitambaa, nikavuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, nikiingiza kupitia pengo nyuma ya meno. Nilipungua kilo kumi na moja. Mdomo wa chini upande wa kushoto ulikufa ganzi, kwa hiyo uji ulitiririka hadi kwenye kola na mimi sina habari. Mke wangu alikuwa akinifuta huku akiendelea na mazungumzo mengine, bila kunitazama. Sijui alijifunza wapi ustadi huo. Ulinitunzia heshima yangu.

Nilizungumza kwa daftari. Nikitaka kusema kwa kinywa niliweza kunguruma kupitia meno, na waliokuwa karibu wangeelewa neno moja kati ya matatu.

Januari daktari wa upasuaji, mama mwembamba asiyevaa viatu vya visigino, alituita tuone mchoro. Aliweka mikononi mwangu kitu cha plastiki ya rangi ya maziwa: fuvu langu, nusu ya chini, lilivyotengenezwa na mashine kutoka kwenye picha. Nililigeuza. Niliona pengo la jino nililong'olewa mjini Baraka nikiwa kijana. Niliona mahali uvimbe ulipokula. Nimezika watu wengi, lakini kichwa changu mwenyewe sikuwahi kukishika. Mama Neema hakutaka kukigusa. Alisema kile kilicho juu ya mabega yangu kinamtosha.

Kwenye kompyuta daktari alionyesha kiungo chenyewe. Kina vipande viwili: kimoja kama kikombe kidogo kinachofungwa kwa skrubu chini ya fuvu, kingine cha chuma, kirefu, chenye kichwa kinachozunguka ndani ya kikombe kile. Aliyekichora alikuwa fundi wa jimbo jingine, akilizungusha fuvu langu kwenye kioo kama mteja anavyozungusha tikiti sokoni. Niliandika swali: je, anajua ni mfupa wa nani? Daktari akajibu kwamba anajua namba tu. Nikaomba apelekewe salamu zangu na jina langu, na kwamba namwombea mkono usitetemeke. Wiki mbili baadaye daktari alitusomea jibu. Fundi yule alisema amechora mataya mengi lakini hili ni la kwanza kumsalimia.

Kiungo kingekuwa tayari mwezi wa tatu. Nilichotakiwa kufanya ni kukaa kimya.

Sasa nieleze kosa.

Watu wa kanisa letu la kambini tulitawanywa Marekani yote. Wengine wako Iowa kwenye viwanda vya nyama, wengine Kentucky, wengine Texas. Kanisa likabaki kwenye simu. Unapiga namba, unaingiza tarakimu zenu, unasikia wengine wakiingia mmoja mmoja, kila mmoja akitanguliwa na mlio mdogo. Saa kumi na moja alfajiri, kila siku isipokuwa Jumapili, tunasali. Tunaiita laini. Mimi ndiye niliyekuwa nikiiongoza tangu siku ya kwanza.

Nilipofungwa kinywa, laini ilichukuliwa na Mzee Elia wa Iowa, mtu mwema ambaye akianza kuombea mataifa haachi taifa. Watu walifika kazini yeye hajafika kwenye amina. Wakaanza kupungua. Nilikuwa nasikiliza jikoni na kuhesabu milio: arobaini, halafu thelathini, halafu kumi na tisa. Wakampigia Mama Neema kumwambia kwamba laini imekuwa yatima.

Kwetu sala husemwa. Sala isiyo na sauti tunaihesabu kama mawazo mazuri. Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa, nikalitafutia njia, na msomi wa Maandiko hakosi njia akiitafuta. Asubuhi moja nikamwandikia mke wangu: "Walikataza kutafuna. Sala si kutafuna."

Alisoma, akanirudishia daftari.

"Wewe ndiye msomi," alisema.

Alilisema kwa namna ambayo, baada ya miaka arobaini na minne ya ndoa, ningepaswa kuielewa. Lakini alichukua kile kijiti cha ndoano.

Kila alfajiri, chini ya taa ya jikoni, alizitoa raba sita, nikafungua kinywa upana wa kidole, nikaongoza dakika arobaini, kisha akazirudisha. Siku ya kwanza watu walilia. Mama mmoja wa Kentucky alipiga kigelegele mpaka simu ikakwaruza. Milio ikarudi: ishirini na sita, thelathini na tatu, arobaini na mbili. Baada ya kila sala sikio liliuma mpaka mchana, nami nikaliita sadaka.

Neema hakujua. Alikuwa akifanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee Burnsville, na alifika nyumbani saa moja na nusu, sisi tumekwisha kufunga kinywa na kukunja vitambaa.

Tulifanya hivyo wiki nne.

Nyambura alikuwa na desturi. Kila nilipokwenda, kabla ya salamu kwisha, alitazama mstari ulio kati ya meno mawili ya mbele ya juu na ule wa meno mawili ya chini. Tangu Novemba mistari hiyo ilikutana kama mshono wa shati. Februari ile alitazama, akainama, akatazama tena, akamwita daktari. Daktari alichukua rula ndogo ya chuma. Mstari wa chini ulikuwa umehamia kushoto.

Nyambura aliniuliza, "Mzee, hizi raba zimewahi toka? Kuna mtu amekuwa akizitoa huko nyumbani?"

Neema alikuwa amesimama kando yangu na koti mkononi. Kabla sijafanya lolote alisema, kwa fahari kidogo, "Papa hasemake uongo. Ni yeye alikuwa anafundisha wachungaji."

Nilitikisa kichwa: hapana, hazijatoka.

Mama Neema alitazama viatu vyake. Daktari akaniamini, kwa nini asiniamini? Na kwa kuwa aliniamini, alianza kutafuta sababu nyingine. Alisema polepole, na Neema alitafsiri akianza vizuri na kumaliza vibaya: kama hakuna kilicholisogeza taya kutoka nje, huenda kuna kinacholisukuma kutoka ndani. Uvimbe huenda umerudi. Angewaambia watengenezaji wasimame. Angepiga picha nyingine, kisha angekata vinyama ukingoni mwa jeraha apime upya. Na ukiwa umerudi, watakata mfupa zaidi, na kiungo kile kilichochorwa hakitakuwa na mahali pa kukaa.

Tulirudi Crystal kwa gari. Neema aliegesha mbele ya jengo letu, akazima injini, akaweka paji la uso kwenye usukani. Nilitazama mabega yake. Nilikuwa na jibu la machozi yale kinywani mwangu, nyuma ya raba sita.

Kwa nini sikusema hapo hapo? Nimejiuliza sana, kwa udadisi wa kweli, kama ningemwuliza mtu mwingine. Sikuogopa daktari. Niliogopa lile neno la Neema, kwamba baba hasemi uongo. Nilitaka liendelee kuwa kweli siku moja zaidi, na njia pekee niliyoiona ilikuwa kuendelea kudanganya. Nilifundisha miaka thelathini juu ya dhambi na sikuwahi kuiona ikifanya kazi kwa karibu hivyo.

Kesho yake alfajiri Mama Neema hakuchukua ndoano. Alikaa mezani, mikono mapajani. Simu ilipoanza kulia milio, aliiweka mbele yake.

"Mimi sitafungua tena," alisema. "Na mtoto akirudi, ukinyamaza, nitasema mimi."

Akaongoza sala yeye mwenyewe. Dakika kumi na mbili. Alimwombea kila mtu kwa jina, na mimi hakunitaja.

Neema alirudi akiwa bado na sare ya kazi, theluji kwenye nywele. Nilikuwa nimekwisha kuandika kurasa mbili. Nilianza na sababu, nikazifuta, nikabakiza mistari mitatu: raba zilitoka kila siku kwa wiki nne, nilizitoa ili niongoze laini, jana nilidanganya. Alisoma akiwa amesimama. Nilidhani atafoka. Alivua koti, akalitundika, akasoma tena.

"Miye nilisema mbele yao kwamba husemi uongo."

Nikatikisa kichwa, ndiyo.

"Bon. Basi utawaambia mwenyewe. Miye sitafsiri."

Akaenda kulala. Mama Neema alimfuata, na kupitia mlango nilisikia sauti ya binti ikiwa juu, ikimwuliza mama yake alikuwa anafikiri nini na kile kijiti. Mama yake alijibu kwa sauti ya chini sana, nami sikustahili kusikia.

Jumatatu tulifika kabla hawajafungua. Neema alikaa karibu na tangi la samaki, hakuingia. Nilimpa Nyambura daftari. Alisoma, akaniangalia juu ya miwani.

"Ni sala?" akauliza. "Miezi hii yote nakulinda usiume hata ndizi, kumbe ni sala? Mzee, Mungu si anaskia hata ukiguna? Ulidhani ataomba urudie?"

Halafu akashika mkono wangu, akaushikilia, na akiwa ameushika akamtafsiria daktari kila kitu bila kunipunguzia hata neno.

Daktari hakukasirika, na hilo lilinishangaza. Aliuliza kama mtu anayechunguza: dakika ngapi kila siku? Kinywa kilifunguka upana gani? Nilipumzika siku zipi? Nilimwonyesha kwa kidole. Mwishowe alisema kwamba hiyo ni habari mbaya, lakini ni nzuri kuliko ile aliyolala nayo. Vinyama havitakatwa. Picha atapiga, apate uhakika, na apime taya limekwenda umbali gani.

Picha ilionyesha kwamba hakuna kilichorudi. Ilionyesha pia kwamba kovu lilikuwa limeanza kukaza na kulivuta taya, karibu milimita nne. Kiungo kilikuwa kimekwisha kuchongwa kwa kipimo cha kwanza. Tulikuwa na wiki chache. Kama raba nzito zingelirudisha taya mahali pake, kiungo kingekaa. Zisipolirudisha, tungeanza upya: picha, fundi, kusubiri, na wakati huo wote kovu likizidi kuwa gumu.

Nyambura alizifunga raba mpya, nene, zilizovuta kwenda kulia. Usiku wa kwanza nilihisi kama mtu ameninasa kwa ndoano ya samaki. Kila Alhamisi tulirudi na rula ikatoka mfukoni: tatu na nusu. Tatu. Alhamisi iliyofuata, tatu tena. Kisha mbili.

Nyumbani, Neema aliporudi kutoka kazini hakuniuliza nimelalaje. Aliwasha tochi ya simu na kusema, "Onyesha." Alihesabu raba, moja hadi sita, akazima. Nikiandika kwenye daftari kwamba hazikutoka, hakusoma. Alimtunza baba yake kama alivyowatunza wale wazee wa Burnsville, vizuri sana, na bila kuwasadiki. Sikulalamika. Nilisema uongo mmoja bila kufungua kinywa, na hiyo ndiyo iliyokuwa bei yake.

Laini iliendelea. Mama Neema aliwasomea barua yangu, kosa lote. Mzee Elia akasema, "Basi Mzee, nyamaza. Tutakusemea." Kuanzia hapo walipokezana. Mimi nilikaa jikoni nikisikiliza, na nilisikia vitu ambavyo sikuwahi kuvisikia nilipokuwa msemaji: mlio wa taa ya kukatia kona ya gari la mtu anayekwenda kazini, mtoto akinyonya, mwanamume mmoja wa Texas ambaye husema amina mbele kidogo ya wengine kana kwamba anaogopa kuachwa. Nilijiuliza ni miaka mingapi nimezifunika sauti hizo kwa yangu.

Alhamisi ya mwisho Nyambura alipima mara tatu. "Moja," alisema, "na hiyo moja daktari ataitoa mwenyewe ukiwa umelala."

Upasuaji wa pili ulikuwa Aprili, barafu ya ziwani ikiwa imeanza kupasuka. Ulichukua saa tisa. Nilipofumbua macho Neema alikuwa amekaa karibu, amevaa kofia yake ya baridi ndani ya chumba.

"Imeingia, Papa," alisema.

Nilinguruma: imekaa?

"Imekaa. Meno yamekutana."

Hayo mengine ulitaka kuyajua, kwa hiyo nitayasema. Nina kovu mbele ya sikio na jingine chini ya taya. Nyusi ya kushoto haikuinuka kwa miezi mitano, na jicho la upande ule lilihitaji dawa ya matone ili lisikauke. Kicheko changu kilikuja nusu. Mama Neema alisema nacheka kwa mafungu, leo nusu, kesho nyingine. Nikifungua kinywa, kidevu huenda kushoto kidogo. Kiungo cha chuma hakitelezi kama cha Mungu. Kinazunguka tu, kama bawaba. Nilimwuliza mke wangu itakuwaje siku ya ufufuo, kama nitaamka nacho au bila. Alifikiri, akasema huenda kuna mlango kama ule wa uwanja wa ndege, nitaambiwa nikiweke kwenye sinia.

Kazi kubwa ilikuja baadaye. Kiungo kipya kisipofunguliwa hugandana. Walinipa vijiti vya mbao, vile vya kukandamizia ulimi. Unavipanga kimoja juu ya kingine, unavisukuma kati ya meno, unashikilia, unaongeza kimoja. Mara tano kwa siku. Nilianza na vijiti saba machozi yakinitoka. Mei nilikuwa na kumi na moja. Wakati bustani za jirani zinatoa nyanya nilifika kumi na sita, na siku hiyo nililamba tonge la kwanza la bugali, dogo kama ukucha, likiwa limelowa mchuzi. Nilikaa nalo ulimini muda mrefu. Sikutaka kulimeza kabla sijalielewa.

Neema aliendelea kuhesabu. Alivikuta vijiti juu ya meza, akaviangalia kama vimelowa. Kliniki, daktari alipouliza kama nafanya mazoezi, Nyambura alimgeukia yeye, kwa kuwa wote walikuwa wamezoea hivyo, na yeye ndiye aliyejibu: siku hizi nne, mara tano, Jumapili, mara nne. Mimi nilikaa katikati kama mzigo unaojadiliwa na wachukuzi.

Ukiwa kwenye kiti kile, shika hili moja: wakikuuliza, waambie. Hata kama ni kwa ajili ya jambo takatifu. Hasa kama ni kwa ajili ya jambo takatifu. Wanakupima ili wakutengenezee kitu kitakachokaa ndani ya kichwa chako mpaka mwisho, na hawawezi kupima usichowaonyesha.

Septemba tulikwenda kwa ukaguzi. Daktari alipima kinywa: milimita thelathini na moja. Alifurahi, akaandika. Kisha akauliza swali lake la siku zote, na Nyambura akamgeukia Neema.

Neema alikuwa akitafuta funguo za gari mkobani. Hakuinua kichwa.

"Mwulizeni mwenyewe," alisema.

Nyambura alinitazama, na daktari akanitazama. Nilifungua kinywa, kidevu kikaenda kushoto kama kawaida yake.

"Jana," nikasema, "mara mbili tu."